Mume Wangu Alisema Ameitengeneza Taa ya Gari

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, Mkomori wa Mahajanga, huku Madagaska. Kiswahili nilikipata Unguja nilipolelewa na shangazi yangu. Hapa nyumbani tunaongea Kimalagasi na Kikomori chetu, sina wa kuongea naye Kiswahili, ndiyo maana nimeleta haya kwenu. Isitoshe, humu kwenye kundi hakuna anayemjua mume wangu. Nimechoka, jamani. Siumwi, sijapigwa, sijaachwa. Nimechoka tu.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Ukiolewa, mume ndiye anayehamia kwako, na mkiachana anabeba sanduku lake anaondoka. Sahani anayolia mume wangu ni yangu, kitanda ni changu, hata msumari anaotundikia kofia yake ulipigiliwa na marehemu baba yangu. Chake ni gari. Ni gari kuukuu, limeshachakazwa Ulaya kabla ya kufika kwetu, lakini kila Ijumaa analiosha mwenyewe na hataki mtu mwingine alishikie kitambaa. Ukilisema vibaya gari, umemsema yeye. Nimeishi naye muda wa kutosha kulijua hilo.

Mwaka jana ikaanza kuwaka taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Mchana naliendesha mimi, napeleka masufuria ya chakula kwenye shughuli za watu, yeye yuko kazini bandarini. Taa inawaka nikiwa njiani, jua kali, injini imepata moto. Nafika nyumbani, nazima, jioni namwita aje aone. Nikiwasha, haipo.

"Iko wapi?"

"Mchana ilikuwepo."

"Tsisy raha," ananijibu, yaani hakuna kitu, anarudi kwenye kahawa yake. Mama mkwe naye, tunayekaa naye, akapata la kunitania: "Taa yako leo imekusalimia?" Nyumba nzima inacheka, na mimi nacheka, nifanyeje? Nikawa ndiye mwanamke anayetafuta sababu.

Jioni moja akaingia ananawa mikono, akasema, "Taa yako nimeitengeneza." Na kweli, haikuwaka tena. Nilifurahi kama mtoto. Nilimpikia pweza wa nazi, nikampigia simu binti yetu aliyeko Nosy Be kumwambia baba yake ni fundi. Mume wangu alitembea kifua mbele wiki nzima. Wallahi nilimpenda upya.

Mwezi uliopita gari likanizimikia Tsaramandroso, katikati ya barabara, bila dalili yoyote. Watu wakanisaidia kulisukuma pembeni. Lilipopoa likawaka vizuri tu. Nikaenda moja kwa moja kwenye gereji moja Antanimasaja, kwa fundi asiyemjua mume wangu. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akasema, "Madamo, tazama hapa. Taa zote zinatakiwa ziwake kwanza, halafu zizimike. Hii ya injini haiwaki kabisa."

Akachomeka mashine yake ya kusomea gari. Ikaonyesha kosa lipo, tena limejirudia: sensa inayosoma mzunguko wa injini, ikipata joto inakata mawasiliano, ikipoa inarudi. Ndiyo maana taa ilikuwa inakuja na kuondoka. "Siku ikikata moja kwa moja," akasema, "gari linazima hapo hapo, hata kama uko kwenye mteremko na lori liko nyuma yako."

Kisha akafungua dashibodi aone taa ina nini. Nyuma ya kioo, juu ya ile taa, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Kimekatwa duara, kwa uangalifu, kingo safi. Hata mkasi uliokikata niliujua. Ni wangu wa kucha, niliutafuta siku mbili.

Taa haikuniuma. Kilichoniuma ni yule pweza. Alikaa akala, akapokea shukrani zangu, na kesho yake akanikabidhi ufunguo nimpeleke mama yake hospitali.

Sasa binti yetu amejifungua. Jumatano tunakwenda kumwona mtoto: mume wangu, mimi na mama mkwe, kwa gari hilo hilo mpaka Antsahampano, ndipo tupande boti ya Nosy Be. Njia ni ndefu, jua ni hili hili, malori ndiyo usiseme. Mama mkwe atakaa mbele. Nilimuuliza mume wangu kama gari liko sawa. Akanitazama machoni. "Si nilishalitengeneza?" Na ninavyomjua, ameshaamini mwenyewe.

Fundi anaweza kubadilisha sensa, si kazi kubwa. Lakini nikiitengeneza kimya kimya, gari halitazima, na mume wangu atakwenda kaburini akijua tepu yake ndiyo iliyoponya. Kesho breki zikilia, ataziba nini? Nikimwambia, ndani ya nyumba ambayo hana hata msumari, nimemwachia nini? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanyeje aliyekaa kiti cha nyuma.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Fundi alikibandua kile kipande, akakishika kwenye ncha ya kidole, akaniuliza, "Nitupe au nirudishe?" Mimi, niliyelia mwaka mzima kwamba siaminiwi, nikamwambia rudisha.

Kipo pale mpaka ninapoandika haya. Mlioolewa, mliooa, na mafundi mliomo humu, msinitukanie mume wangu, bado nampenda. Niambieni tu kabla ya Jumatano: nibandue, au nipande?