Nyota ya Dirishani

Miaka tisa Bibi Ragna alimwekea kinyongo dereva wa greda la theluji, maana siku mumewe Eilif alipozikwa, yule bwana alipita mlangoni bila hata pole. Na macho ya kinyongo hayalali, basi akawa anamtazama. Huko kaskazini ya mbali, jua likishaaga Novemba halichomozi tena hadi Januari, na dereva mabega yanamshuka, salamu anaijibu kwa kidole kimoja juu ya usukani. Lakini kila asubuhi, kiza totoro, husimamisha greda chini ya dirisha la Ragna, akanywa kahawa huku amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili, macho kwenye nyota ya karatasi yenye taa ndani, anayoitundika Ragna dirishani. "Anachungulia vya watu," Ragna husema. Januari hii, siku jua liliporudi, dereva akabisha hodi na andazi la kulikaribisha jua.

"Bibi, pole na msiba."

"Upi tena huo?"

"Wa mzee Eilif. Mwaka ule hukuwasha nyota. Mie giza hili nalivuka kwa nyota yako. Nilipoona dirisha jeusi, nikaogopa nikisimama giza litanishinda, sitaondoka tena; ndiyo maana nikapita."

Ragna akalipokea andazi.

"Pole yako imeota kutu. Ingia, unanipotezea joto. Na siku nyingine ukiona dirisha jeusi, ubishe hodi."