Torborg Aslaksdatter, Aliyebatizwa Mara Mbili

Katika shamba dogo la Tysvær, magharibi mwa Norway, Torborg alizaliwa Februari 1819. Baba yake, Aslak, alikuwa amevunjika mguu, hivyo mama yake, Gurina, alimfunga mtoto kifuani ndani ya sweta, akapiga makasia mwenyewe kuvuka ghuba hadi kanisani, ili abatizwe kabla baridi haijamchukua. Majirani waliisimulia safari hiyo hata walipohamia Amerika pamoja na familia hiyo mwaka 1837, kwenye Mto Fox, Illinois, ambako homa ya mabwawa ilimuua Aslak katika kiangazi cha kwanza.

Mwaka 1843 wahubiri wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, walifika Mto Fox. Torborg aliwasikiliza akiwa nyuma ya zizi, maana aliona haya kukaa mbele. Kisha akawa anapiga magoti katika shamba la mahindi, akimwomba Mungu amwonyeshe ukweli. Alisema baadaye kwamba hakuona nuru wala malaika. Aliinuka tu na amani ambayo hakuwa ameijua tangu msiba wa baba. Akaenda kumwambia mama yake.

“Mama, nataka kubatizwa.”

“Umeshabatizwa. Viganja hivi vilitoka damu kwa ajili hiyo.”

“Nilikuwa mchanga, mama. Sikuchagua.”

“Nilichagua mimi! Leo unaniambia nilijisumbua bure?”

Kaka yake, Osmund, alijaribu utani. “Mwache, mama. Akionja baridi ya mto ule atarudi mbio.”

Gurina hakucheka. “Akiingia mtoni, asiingie humu.”

Torborg alibatizwa mwezi Machi uliofuata, barafu ikiwa imepasuliwa kwa shoka. Mlango wa mama ukafungwa. Akahamia kwa waumini wenzake, akaacha hata kahawa, kama kanisa lilivyofundisha. “Dini mpya nitaisamehe,” Osmund alitangaza kila mahali, “lakini Mnorwe asiyekunywa kahawa ni mgonjwa.” Gurina, kila walipokutana njiani, alitazama pembeni.

Mwaka 1849 waumini walifunga magari ya maksai kwenda Bonde la Ziwa la Chumvi, makao mapya ya kanisa mbali magharibi. Kasha la Torborg lilikuwa limeshapakiwa Osmund alipokuja mbio: kipindupindu kimempata mama, na hakuna jirani anayethubutu kuvuka kizingiti. Kubaki kulikuwa kuukosa msafara alioungoja miaka yote. Kwenda kulikuwa kumwacha mama afe na hasira naye. Torborg akashusha kasha.

“Nani aliyekuita?” Gurina aliuliza kwa sauti iliyokauka.

“Hakuna. Kunywa, mama.”

“Mto haukukuosha ukaidi.”

“Haukuniosha. Fungua mdomo.”

Alimnywesha, akamfulia, akamwombea. Gurina alipozidiwa alimshika mkono. “Nikifa bila kuingia mto wenu, utanihesabu nimepotea?”

“Mama, wewe ndiye uliyenipeleka kwa Mungu, nikiwa siwezi hata kutambaa. Mimi niliendelea tu na safari.”

Gurina akalia. Kaburi lake lilikuwa limekwisha kuchimbwa, lakini alipona, na wazee wa Mto Fox waliuita muujiza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuagiza kahawa. Torborg akaichemsha bila kuionja.

“Imeungua,” mama akasema. “Hebu ongeza.”

Mwaka uliofuata Gurina, aliyebaki Mlutheri hadi kufa kwake, alimwokea binti yake mikate ya njiani, akampandisha garini mwenyewe.

Torborg aliolewa katika Bonde la Sanpete, kusini mwa Ziwa la Chumvi. Kwa miaka mingi aliingia nyumba zenye homa asiugue hata mara moja. Wanawake wa bonde bado wanalisimulia hilo. Lakini jaribu lake kubwa lilikuja uzeeni. Mwanawe, aliyeitwa Aslak kwa jina la babu yake, alisimama mlangoni akasema hataketi tena katika kanisa letu. Torborg akafuta macho kwa aproni. “Supu inapoa,” akasema. “Ingia.” Tangu hapo walikula pamoja kila Jumapili, naye alimwombea bila kumsuta, hadi Bwana alipomchukua Torborg Novemba 1891.

Aslak aliingia kanisani siku ya maziko ya mama yake tu, kubeba jeneza, na askofu akampisha mbele. Sisi waumini tuliobaki hapa bondeni tumwige Torborg: mwenye ndugu aliyeshika njia nyingine asingoje kuitwa. Jumapili hii Aslak anakula kwetu.