Mkato Baada ya Jina la Binti

Tuliokuwa kaburini siku ile: minye niliye dada mdogo wa marehemu, mjane wake, wana wao wa kiume, ambao mkubwa wao ndiye aliyesoma sana, binti wa marehemu kwa mke wa kwanza, aliyetoka Kambove, na watu wa kanisa. Majina yote ninayo kichwani. Sitayaandika, wanaohusika watajijua.

Kwetu, kabla ya kufunika kaburi, maisha ya marehemu yanasomwa. Jina la kila mtoto likitajwa, msomaji ananyamaza. Mtoto huyo anakuja mbele, anatupa udongo, ndipo jina lingine linafuata. Asiyengojewa hatupi.

Asubuhi nilimwomba kijana mkubwa anisomee maisha hayo alivyoyaandika. Wadogo zake aliwasoma taratibu, kila mmoja na pumziko lake. Dada yake akamsoma pamoja na wajukuu, mbio mbio, kama anayefukuza kuku.

Nikamwambia, "Dada yako umutilie virgule, ule mkato, papa. Naye iko mutoto."

"Tantine, virgule inafwata sentensi," akanijibu mimi shangazi yake.

"Minye niliacha masomo Kapolowe mbele ya kufika ku sentensi. Masista walitufundisha, pa mkato unapumua. Basi, upumue nyuma ya jina lake."

Mjane, mama wa kijana, alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Akasema bila kugeuka, "Mvula iko inakuya. Akipumua kwa kila muntu, tutalala ku makaburi."

Binti alisikia. Aliendelea kusugua masufuria, yeye aliyemuosha baba yake wakati wote ambapo mzee hakuweza kuinuka. Wana walikuwa wanapiga simu tu.

Kaburini wana walitupa, mmoja mmoja. Yeye alisimama, udongo tayari mkononi. Jina lake likapita katikati ya wajukuu, na msomaji akafika amina. Nikaliita minye mwenyewe, kwa sauti, nikanyamaza. Lakini makoleo yalikuwa yameanza, na makoleo yakianza hayasimamishwi.

Akafunga udongo ule kwenye pembe ya kitenge, akapanda gari ya Kambove. Siku ya kumaliza kilio hakuja. Mjane akaniuliza mbele ya watu, "Binti yenu iko na kiburi, eh?" Tulimnyima pumzi moja, sasa tunamdai heshima.

Kama nimekosea nani alitupa wa kwanza, au nani alishika mwavuli, ninyi mliokuwepo munisahihishe, nyumba yangu munaijua. Lakini atakayesema kulikuwa na pumziko baada ya jina lake, aniambie kwanza alikuwa amesimama wapi.