Magoti ya Mama na Dawa za Wanawe

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliingia kwa mama yangu kule Ibadakuli nikamkuta ameshikilia ukuta, anatetemeka, midomo imempauka. Nilikuwa bado na nguvu zangu, nauza dagaa kule Nkome, ziwani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaniambia tu kwamba tangu jana anapata choo cheusi kama lami.

Sikuelewa. Nikadhani ni dagaa, halafu nikadhani ni mboga, halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kuwashuku majirani kwa uchawi. Mama alikuwa mgonjwa wa magoti. Sasa goti na choo vinahusiana wapi? Nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi hospitali.

Daktari akataka kuona dawa anazotumia. Mama akafungua pindo la kanga, vikatoka vidonge vya magoti vya aina tatu. Diklofenaki aliletewa na kaka yangu, mchimbaji wa Geita. Meloksikamu ililetwa na dada. Brufeni nilileta mimi mwenyewe.

"Unakunywa ipi, mama?" daktari akamuuliza.

"Zote. Mtoto akikuletea dawa utaikataaje? Ya huyu asubuhi kabla ya chai, ya yule mchana, ya mwingine nikilala, nisimvunje mtu moyo."

Daktari akashusha pumzi. "Mama, hizi zote ni za aina moja, majina tu ndiyo tofauti. Ni sawa na kuzidisha dozi. Zimekuchubua tumbo, unavuja damu kwa ndani."

Mama akamtazama, akanitazama mimi. "Sasa ninywe ya nani, nimwache nani?"

Nilisikia aibu, nikasikia hasira, na kicheko nacho kikataka kunitoka, vyote kwa pamoja. Tulimpenda wote, na mapenzi yetu ndiyo yaliyokuwa yanammaliza. Hilo nimelifikiria miaka yote hii na bado linanichanganya. Alilazwa, akaongezewa damu, akapona.

Leo magoti yanayouma ni yangu, basi nisikilize. Dawa ya maumivu na uvimbe wa viungo ni moja tu kwa wakati mmoja, ile uliyoandikiwa na daktari, dozi ndogo inayotosha, kwa siku ulizoambiwa. Kula kwanza. Pombe achana nayo. Kama una presha, figo mbovu, vidonda vya tumbo au mimba, sema kabla hujapewa, hata muuza dawa akionekana ana haraka zake. Choo kikiwa cheusi, ukitapika damu au miguu ikikuvimba, acha hiyo dawa uende hospitali siku hiyohiyo.

Na ukitaka kunifurahisha mimi bibi yako, usije na vidonge. Njoo unikande kwa maji ya moto, tupige soga.

Mungu akupe viungo vyepesi hadi uzeeni, mjukuu wangu, na akujalie watoto watakaoulizana wao kwa wao kabla ya kukuletea dawa.