Leo Usiniulize Shida

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ziwa na mbingu vilikuwa na rangi moja ya ukungu, na rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba yetu ya Baraka, ilionekana kuning'inia hewani bila kushikwa na kitu. Niliitazama kupitia dirisha la biro, ofisi yangu mpya, nikijiuliza, kwa mazoea yangu ya kuligeuza jambo moja hadi lichakae, kama mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama juu ya kitu chochote.

Umeniambia unataka kuacha kazi ya ustawi wa jamii uende kusimamia wafanyakazi, na kwamba unajiona msaliti. Nami nilipita hapo hapo.

Nilikuwa nimerudi na shahada yangu ya pili, nikawa asistante sosiale, afisa wa ustawi wa jamii, kule Fizi, juu mlimani, nikiwasikiliza watu waliokimbia makwao. Niliipenda kazi ile. Lakini ilifika asubuhi ambapo mama mmoja alinisimulia jinsi alivyotengana na watoto wake njiani, nami nikagundua kwamba nasikia sauti tu. Maneno yalinipita kama upepo katika majani ya mihogo. Nikashuka Baraka, nikaingia katika shirika lililotafuta mtu wa kuajiri wafanyakazi na kuwatunza. Kila jioni nilijihukumu kwamba nimewakimbia watu nikajificha nyuma ya meza.

Siku hiyo ya ukungu tulikuwa tunatafuta mpishi. Nilikaa na Alimasi, msimamizi wa stoo, mtu asiyeishiwa utani. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Riziki wa Lweba. Nilimtambua mara moja. Zamani alikaa mbele yangu kule Fizi, hana pa kulala, kitenge kimetapakaa matope. Sasa kitenge chake kilikuwa kimepigwa pasi hadi kinang'aa. Nilikuwa nimeandaa maswali kwa uangalifu mkubwa, lakini mdomo wangu ukatoa lile la zamani, nililofungulia kila mazungumzo kule mlimani:

"Karibu, mama. Shida yako ni gani?"

Alimasi akaangua kicheko. "Eh, madamu! Si ni sisi ndio tuko na shida ya mupishi?"

Mama Riziki hakucheka. Alinitazama kwa upole, jinsi anavyotazamwa mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Mutoto yangu, shida nilikuambia kule Fizi. Ukaisikia, nikakushukuru. Leo sikuleta shida, nimeleta mikono. Uniulize namna napikia batu."

Nikamwuliza. Akaeleza, kisha akapika kama waombaji wenzake walivyopika, ugali na sombe, yaani kisamvu, yenye ndakala, dagaa wa ziwa letu, na harufu yake ikajaa ua mzima.

Hapa ndipo nilipoyumba. Sombe yake ilikuwa tamu, lakini mama mwingine, wa Nundu, alikuwa amewapikia wagonjwa wengi kwa muda mrefu, na alijua kupanga chakula kisiharibike. Tuliliona hilo sote. Moyo wangu ulitaka kumpa Mama Riziki kazi ile kwa ajili ya siku ya Fizi. Nililigeuza jambo hili mara nyingi, nikaona kwamba kumpa kwa huruma ni kumrudisha katika kiti cha zamani. Ni kumwuliza tena, kimyakimya, shida yake ni gani. Tukamchukua mama wa Nundu.

Desturi ya biro ilikuwa kubandika jina la aliyepata mlangoni, wengine wajisomee. Sikuweza. Nilipanda pikipiki hadi Lweba, nikamkuta akigeuza ndakala waliokuwa wakikauka juani.

"Umekuja kunipa pole?" aliuliza kabla sijakaa.

"Hapana, mama. Nimekuja kukuambia sababu."

Akanisogezea kigoda. Nilimweleza lililokuwa zuri na lililopungua, bila kupamba. Ziwa lilikuwa shwari kiasi kwamba nilihisi tumekaa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

"Inauma," alisema mwishowe. "Lakini batu ya biro habatuambiake sababu. Banasemaka tu: ngoja. Sasa naona umebadilisha kazi kweli." Akainama tena juu ya samaki wake. "Na siku ingine nikikuya, usiniulize shida."

Alirudi nafasi nyingine ilipotokea, akaipata kwa mikono yake. Hadi leo tukikutana sokoni huniita Madamu wa Shida, na watu hugeuka kututazama.

Basi nenda, mwanangu. Huwakimbii watu, unabadili swali utakalowauliza. Usikivu ulioupata kwenye kazi yako ya sasa uende nao wote, maana utauhitaji siku ya kumwambia mtu kwamba amekosa kazi. Lakini usiamue kwa huruma. Mwenye kuomba kazi mpokee kwa kile alichokileta, na ukimnyima, mfuate, kaa alipokaa, mpe sababu. Na ukichoka, kama nilivyochoka mimi, usijiite msaliti kabla hujapumzika.

Mungu akutangulie katika biro hiyo mpya. Akupe asubuhi za utulivu kama ile ya Ubwari, na kila atakayetoka mlangoni mwako, hata asiyepata kitu, atoke akiwa bado na heshima yake.