Mota Niliyomfungia Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenitafutia kazi katika karakana moja ya vyuma kule Baba Dogo. Mimi nilikuwa kibarua wa umeme. Yeye alikuwa bwana wa mashine kuukuu ya kuchonga meno ya gia. Jedwali la kasi lililobandikwa ubavuni mwa mashine hakuwahi kulisoma. Alivuta wenzo wa kasi pale alipouzoea miaka yote, akainamisha kichwa kusikiliza kisu kikila chuma, basi. Hakuna aliyemfikia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mota yake iliungua. Tajiri akaleta nyingine ya mtumba, imeganda grisi, akataka izunguke kabla ya chakula cha mchana. Nikapima shafti, sawa. Matundu ya bolti, sawa. Nikaifunga, nikarudisha puli ileile, lile gurudumu linalovuta mkanda, na mkanda uleule, nikabonyeza swichi. Ikanguruma. Mjomba akanipiga bega: "Mpwa wangu, wewe ni fundi!" Nilivimba kichwa, we acha tu. Kibati cha mota, kile kinachoandikwa kasi yake, sikukisoma, eti kina grisi. Leo mtu akiniletea udhuru kama huo namtimua.

Siku hiyohiyo kisu cha kwanza kikaungua hadi kikawa buluu. Kesho yake cha pili. Cha tatu kikavunjika na kuharibu gia ya mteja. Mjomba alifuta macho kwa kitambaa, akajaribu tena, wenzo ukiwa palepale pa siku zote. Nikamsikia akijisemea, "Ala! Masikio yangu yamepatwa na nini?" Wenzetu wakaanza kunong'ona kwamba mzee ameisha. Nami, mpumbavu mkubwa, nikaamini.

Siku ya nne, saa ya chai, nikaifuta ile grisi. Nikasoma kibati, nikatoka nje kusoma na cha ile mota iliyoungua. Ile ya zamani ikizunguka mara mbili, hii yangu ilizunguka mara tatu. Kisu kilikuwa kinakwenda mbio kupita kiasi, na mjomba hakuwa amekosea hata kidogo.

Ningesema. Lakini tajiri alikuwa ameniahidi kuniajiri kabisa mwisho wa mwezi, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikajiambia nitabadilisha puli kimyakimya, mambo yaishe. Jumamosi alasiri, watu walipotoka, nikaweka puli ndogo kwenye mota, kasi ikarudi kama ya zamani. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Sikujua kwamba mchana uleule, saa ya kutoka, mjomba alikuwa ameingia ofisini, akavua ovaroli, akaikunja na kuiweka mezani. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu hataki kumharibia tajiri kazi zaidi.

Jumatatu mtu mwingine akapewa mashine. Gia ya kwanza ikatoka safi. Tajiri akaigeuzageuza mkononi. "Kumbe shida ilikuwa mzee!" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Jumapili iliyofuata nikaenda kwake, mtaa wa Mbotela, nimeapa kumwambia kila kitu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mkewe akimnyoa ndevu.

"Hataki tena kushika wembe," mkewe akaniambia. "Eti mikono imemwasi."

Roho iliniuma nikakosa pa kutazama. Mjomba akauliza, "Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, mjomba."

"Vizuri?"

Nilifungua kinywa. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. "Vizuri," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi wasije wakaisingizia mota yako, wakakunyima kazi. Ndiyo maana niliondoka mapema. Sasa wamejua ni mimi."

Mkewe akampangusa sabuni shavuni, akaenda kuniletea chai.