Pili Hakukoroga

Pili Mikidadi alikuwa na meza ndogo nyuma ya soko la Morogoro Mjini, kati ya muuza mitumba na fundi saa, na wanawake wa kutoka Kingolwira mpaka milimani walimfuata hapo kutafuta sura mpya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumezoea kugombea kipande cha sabuni, mara krimu zikajaa kila kona. Wauzaji wengine wote walikuwa na kopo la mkorogo: krimu nne au tano pamoja, zinapigwa kijiko mpaka zilainike, unapimiwa, unaondoka. Pili peke yake hakukoroga. Wengi walimwona mchoyo, na mimi nikiwemo.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha nguo, kitengo cha rangi. Kiwanda kilipopunguza watu alitoka na bluu kwenye kucha ambayo haikutoka tena, na funzo moja.

"Nimeona dawa mbili nzuri zikikutana kwenye pipa moja zikatoboa turubai," alikuwa akisema. "Turubai, mama. Sembuse shavu."

Mimi nilimwendea mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya kipaimara cha binti yangu Bernadeta. Sitaficha: sikwenda kwa ajili ya Bernadeta. Nilikwenda kwa ajili ya baba yake, Severini, aliyeniacha baada ya miaka kumi na tisa kwa sababu, alisema mbele ya dada zake, nimeanza kufanana na shangazi yake. Shamba la Mlali ni la ukoo wa mama yangu, ndivyo ilivyo kwetu Waluguru, kwa hiyo aliyefungasha ni yeye. Akahamia mjini kwa msichana anayeitwa Mercy. Siku ya kipaimara angekuja naye kanisani. Nilitaka anione sina mkunjo hata mmoja, aumie mpaka ashindwe kuimba.

"Da Pili, nipunguzie miaka kumi."

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama anayechagua papai. "Kumi siwezi. Mitatu, ukiwa msikivu."

"Na nisipokuwa msikivu?"

"Nitakuongezea mitano bure."

Akanipa vikopo vitatu, kila kimoja kimefungwa uzi wake. Uzi mwekundu ilikuwa dawa ya chunusi ya hospitali, ambayo hunyoosha mikunjo: kiasi cha punje ya dengu, Jumatatu na Alhamisi jioni. Uzi mweusi, krimu ya asidi ya matunda, ya kung'oa ngozi iliyokufa: Jumamosi tu. Uzi mweupe, gliserini: kila siku. Na kofia pana, na shamba nilikimbie saa za jua kali.

"Mwekundu na mweusi ni wake wenza," akaniambia. "Kila mmoja peke yake ana adabu zake. Walaze chumba kimoja uone."

"Mbona wenzako wanachanganya?"

"Waulize wamewahi kumwona mteja mara ya pili."

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nikatazama kioo, shangazi yake Severini bado yumo. Nikasema, huyu Pili ananizungusha. Nani amewahi kupika mchuzi kwa kula nyanya Jumatatu, kitunguu Alhamisi, chumvi Jumamosi? Nikamimina vikopo vyote vitatu kwenye bakuli, nikakamulia ndimu kama jirani yangu alivyonifundisha, nikajipaka nene. Asubuhi nikaenda kuchuma nyanya, maana lori lilikuwa linakuja. Kofia niliisahau mlangoni. Kesho yake, mimi na zile nyanya tulikuwa ndugu wa tumbo moja.

Nikarudi kwa Pili nimejifunika khanga mpaka machoni. Akaifunua.

"Umekoroga."

"Sijakoroga."

"Mama Berna, uso wako unakusema." Akacheka mpaka fundi saa akaacha kazi yake. Kisha akanipa kopo jingine la uzi mweupe. "Hii tu. Mengine yote acha."

"Na kipaimara Jumapili?"

"Kwani anayepewa kipaimara ni nani?"

Swali hilo liliniwasha kuliko ndimu.

Jumapili nikaenda na uso wangu hivyo hivyo. Parokiani kwetu baba na mama huketi pamoja nyuma ya mtoto wao, hata kama hawasalimiani, kwa hiyo nilijua hakuna pa kujificha. Severini akaja amechelewa, Mercy akakaa mabenchi ya nyuma. Severini alivaa koti la mitumba, na kofia ambayo hakuivua.

"Baba, kofia," katekista akamwambia.

Akaivua. Paji la uso lilikuwa linabanduka. Mashavu mekundu kama yangu, pua inamenyeka kama viazi vya kuchemsha. Akanitazama. Nikamtazama.

"Umekoroga?" nikamnong'oneza.

"Sijui unasema nini, Mama Berna."

"Nyuzi zote tatu?"

Akapekua kitabu cha nyimbo mpaka wimbo ukaisha. "Na ndimu," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini nikicheka mashavu yanapasuka, nikacheka hivyo hivyo huku yanauma. Akaniambia chini chini kuwa muuza duka alimwamkia Mercy vizuri, kisha akamuuliza, "Huyu mzee ndiye baba yako?" Yeye aliyenikimbia kwa mikunjo! Bernadeta akageuka akatukata jicho sote wawili.

Nje ya kanisa Severini aliona kopo la uzi mweupe kwenye mkoba wangu, akaliomba. Nikamwambia meza ya Pili iko pale pale, akapange foleni.

Jumatatu nikaenda kumshtaki Pili. "Ulijua! Kwa nini hukuniambia kuwa naye anakuja hapa?"

"Mambo ya mteja huyu na ya mteja yule," akasema akifunga uzi, "nayo sikorogi."

Akanipa vikopo vipya. Nafuata siku zake mpaka leo. Mikunjo miwili kando ya macho imegoma kutoka, na ikifika Jumapili sijali tena nani ananitazama nikiimba. Severini naye, akija kusali kwetu, huimba kwa sauti ndogo sana.